Bunduki ya babu iliyoandikwa 1877: si gobore, wala haijipakii

*"Shikamoo mwalimu. Babu yetu mzaa baba alifariki mwezi wa nne huku Iringa vijijini. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta darini bunduki ndefu, kama sentimita 134 au 135, imeviringishwa kwenye gunia. Ubavuni imeandikwa J.G.Mod.71, na kwingine kuna taji, neno Spandau na mwaka 1877. Pembeni yake kulikuwa na risasi tatu nene kama kidole, zimeota kutu ya kijani. Baba mdogo anasema ni gobore tu, tumpe fundi alifufue. Wazee wengine wanasema ni bunduki ya Wajerumani iliyotekwa Lugalo, na kwamba ilikuwa ikijipakia yenyewe risasi nane. Mpini wa chuma umegoma, mdogo wangu ameumwagia mafuta ya taa. Naomba unieleze inavyofanya kazi, kama kweli ni ya Lugalo, na kama tukiisafisha inaweza kupiga."*

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Kabla ya historia yoyote, mwambie mdogo wako aweke chini hiyo chupa ya mafuta ya taa na asiuguse tena huo mpini. Bunduki ambayo haijafunguliwa ihesabu kuwa ina risasi ndani mpaka mtu anayejua athibitishe vinginevyo. Sikutishi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa msaidizi kwenye stoo ya makumbusho fulani, nilifungua bunduki ya aina hiihii ambayo daftari la stoo lilisema ni tupu. Nilipoivuta nyuma na kuiinamisha, ikadondoka risasi nzima, ya kijani kama embe bichi, ikabingirika mezani mpaka ukingoni. Ilikuwa imelala humo tangu kabla sijazaliwa. Kila aliyeipokea aliamini kwamba aliyemtangulia alishaangalia.

Umeuliza mambo matatu, lakini kwenye barua yako naona na la nne ambalo hukulisema: nyumbani mmegawanyika. Mmoja anaiona takataka, mwingine hazina, wa tatu anataka kuijaribu. Kama mtaielewa bunduki yenyewe, nadhani ubishi utapungua.

Tuanze na gobore. Baba mdogo hakukosea kwa dharau; kwetu bunduki yoyote ya zamani huitwa hivyo. Ila gobore hulishwa kwa mdomo. Unaisimamisha, unamimina baruti, unashindilia kwa mdeki, unatia goroli na kitambaa, unashindilia tena, kisha unaweka fataki nje, chini ya nyundo. Mtu hodari alipiga mara mbili au tatu kwa dakika, na muda wote huo alikuwa amesimama au amepiga goti, anaonekana. Bunduki yenu hulishwa kwa nyuma. Mpigaji alilala kifudifudi nyuma ya kichuguu na kupakia bila kuinua kichwa. Ukitaka kujua kwa nini majeshi ya Ulaya yalitupa magobore yao katika miaka ya 1860, fikiria huyo mtu aliyelala na yule aliyesimama wakitazamana.

Kufungua mtutu kwa nyuma halikuwa wazo geni. Kilichowasumbua mafundi kwa karne nyingi ni kuufunga. Baruti ikilipuka, moshi na moto hutafuta kila upenyo, na mlango ukiwa nyuma maana yake uko mbele ya uso wa mpigaji. Waprusi walikubali bunduki ya Dreyse mwaka 1841, iliyoitwa bunduki ya sindano kwa sababu sindano ndefu ilitoboa risasi ya karatasi na kupita katikati ya baruti mpaka kwenye fataki. Ilipakiwa haraka kuliko kitu chochote cha adui, na mwaka 1866 iliwasaidia sana dhidi ya Waaustria. Lakini ilivuja, na sindano ilibabuka na kukatika kwa kuwa ililala ndani ya moto wenyewe. Wafaransa wakaja na Chassepot, wakaziba uvujaji kwa mpira. Vita vya Waprusi na Wafaransa vya 1870 vilipozuka, Chassepot ilifika mbali karibu maradufu ya Dreyse. Wajerumani walishinda vita, lakini walitoka wakijua wazi kwamba bunduki yao ilikuwa imepitwa.

Hapo ndipo wanaingia ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, watoto wa fundi bunduki wa mji mdogo wa Oberndorf. Ile 71 kwenye bunduki yenu ni 1871, mwaka wa muundo wao. Ile 1877 ni mwaka ambao bunduki hiyo yenyewe ilitengenezwa, na Spandau ni karakana ya silaha ya serikali karibu na Berlin. J.G. husimama badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya bunduki ya askari wa miguu. Hiyo J kwa kweli ni I ya mwandiko wao wa zamani.

Sasa chukua mfano wa mlango wa nyumbani. Huo mpini uliogoma ni wa komeo. Ndiyo, komeo, kama lile la mlango wa chooni la kusukuma kisha kulaza mkono wake chini. Anayeijua bunduki hii angekuonyesha hatua moja moja, naye angechelewa kwenye ile ya kwanza, kwa sababu ujanja wote umefichwa hapo.

Ukiinua mpini kutoka kulala mpaka kusimama, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. La kwanza, ndani ya komeo kuna pini ya chuma inayosukumwa na springi nene. Nyuma yake chuma kimechongwa mteremko, na mpini unapozunguka, mteremko huo unaisukuma pini irudi nyuma na kuibana springi. Kwa hiyo kuifungua ni kuikoki, yaani kuiweka tayari kupiga. Kwenye bunduki nyingi za kabla yake, kukoki kulikuwa kazi ya pili, kwa kidole gumba. Hapa umepewa bure. La pili, mzunguko huohuo unalirudisha komeo nyuma kidogo sana. Huoni kitu kwa macho, lakini ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa, lililokwama ndani kwa joto na masizi, hulegezwa na nguvu ya mzunguko badala ya kung'olewa kwa kuvutwa. Ni kama kuzungusha kifuniko cha chupa kidogo kabla ya kukivuta.

Unavuta nyuma. Kucha ndogo ya chuma iliyoshika ukingo wa ganda inalitoa kwenye chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Na hapo inaishia! Hakuna kitu cha kulirusha nje. Askari aliinamisha bunduki ubavu ganda lianguke, au alilipangusa kwa kidole. Bunduki zilizofuata zilirekebisha hilo, na kwa maoni yangu ndiyo kasoro ya kushangaza zaidi ya kazi nzuri namna hii. Kisha unachukua risasi nyingine kwenye mkoba, unaitia kwa mkono, unasukuma komeo mbele, unalaza mpini. Mpini ukilala, ubavu mnene wa komeo unakaa mbele ya kizingiti cha chuma kilicho kwenye mwili wa bunduki, na huo ubavu mmoja ndio unaozuia komeo lote lisirudi usoni. Kwa nyuma kuna kipande kama bawa dogo: hicho ni kifungio cha usalama, na kizazi chake kiliendelea kwenye bunduki za Mauser kwa miaka mingi baadaye.

Lakini aliyeziba moshi hatimaye ni ganda, komeo lisingeweza peke yake. Zile risasi tatu zenu zina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki kwenye kitako chake, baruti nyeusi kama gramu 5, na kichwa cha madini ya risasi cha karibu gramu 25 kilichozungushiwa karatasi. (Neno letu risasi ni jina la hayo madini, tumelipa chombo kizima jina la kichwa chake.) Pini ikigonga fataki, baruti inawaka, na kwa kitambo kifupi mno ganda linavimba na kubana kuta za chemba pande zote. Moshi hauna pa kupita ila mbele. Kichwa kikishatoka, mbano unashuka, shaba inanywea kidogo, ganda linaweza kuvutwa. Huo ndio mlango ambao Dreyse hakuwa nao. Kichwa chenyewe kinapita kwenye mifereji minne iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, kinatoka kikizunguka kama pia, kwa mwendo wa karibu mita 440 kwa sekunde. Unene wake ni milimita 11. Ndiyo maana uliuona kama kidole.

Kuhusu kujipakia risasi nane: wazee hawakuota, wamechanganya mtu na mdogo wake. Mwaka 1884 Wajerumani walikubali toleo jipya lenye bomba chini ya mtutu linalobeba risasi nane, likaitwa 71/84. Hata hilo halikujipakia lenyewe. Ilibidi komeo lifanyiwe kazi kila mara, tofauti ni kwamba risasi iliyofuata ilipandishwa kutoka kwenye bomba. Yenu imeandikwa Mod.71 na ni ya mwaka 1877. Ni ya risasi moja. Ukimaliza kupiga, mkono wako umeshika chuma kitupu mpaka uingie tena mkobani.

Hilo linanileta Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilikuwa kikitembea kwa mstari mmoja mrefu kwenye njia nyembamba. Wahehe wa Mkwawa waliwatokea vichakani karibu kabisa. Watu hupenda kuuliza jeshi lenye bunduki kama hizi lilishindwaje na mikuki. Jibu liko kwenye ile hatua ya kuingiza mkono mkobani. Askari aliyewahi alipiga mara moja au mbili. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili kuna kuinua, kuvuta, kuinamisha, kutafuta risasi, kutia, kusukuma, kulaza. Mtu mwenye mkuki aliye hatua ishirini hahitaji muda huo wote. Kwenye uwanja wa wazi, kwa mita mia tatu, hesabu ingekuwa nyingine, na aliyechagua kuwavizia kwenye ile njia nyembamba aliijua hesabu hiyo. Nyundo aliuawa hapo pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya mia mbili, na Wahehe wakaondoka na bunduki zao kwa mamia.

Je, ya babu ni mojawapo? Bunduki peke yake haiwezi kusema ndiyo. Inaweza kusema hapana tu. Kama ingeandikwa 98, yaani muundo wa 1898, hadithi ingekufa palepale. Mwaka 1877 unairuhusu. Kinachonipa wasiwasi ni urefu. Askari wa Kijerumani huku kwetu walibeba zaidi toleo fupi la muundo huohuo, kama sentimita 124, lililotengenezwa awali kwa ajili ya vikosi vya askari wepesi wa Ulaya walioitwa wawindaji. Yenu ni ile ndefu ya askari wa miguu. Hilo halivunji hadithi, ila linafungua milango mingine: vita vilivyopita Iringa mwaka 1916, askari aliyeitupa na kukimbia, mfanyabiashara aliyepenyeza mzigo. Hadithi ya mzee na chuma ni mashahidi wawili tofauti. Mwandikeni kila anayekumbuka babu aliipataje, kwa nani, mwaka gani wa mavuno au wa njaa, kabla wazee hao nao hawajaondoka.

Na kuna jambo linalostahili kujulikana kwenye ubishi wenu wa gobore na bunduki. Tofauti hiyo haikutokana na umaskini peke yake. Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels, ambao jina lake lilikuwa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake walizuia kuuza bunduki za kisasa kwenye ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Kilichoachiwa mlango ni bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifereji mtutuni. Serikali za kikoloni zenyewe ziliruhusiwa kuleta zilichotaka. Kwa hiyo miaka kumi na tano baadaye, wakati wa Maji Maji, askari alikuwa na komeo na ganda la shaba, na aliyemkabili, akibahatika kuwa na bunduki, alikuwa na mdeki mkononi. Tunazungumza sana juu ya yale maji. Tungepaswa kuzungumza kidogo zaidi juu ya ile karatasi ya Brussels.

Halafu kibao kikageuka. Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vilipoanza, askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, walikuwa bado na hizi za 1871 wakati Waingereza wana bunduki za baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi hutoa wingu jeupe zito. Kila ukipiga umejitangaza pale ulipojificha. Walipowashinda Waingereza Tanga mwezi Novemba mwaka huo, furaha yao kubwa ilikuwa zile bunduki mpya na risasi laki sita walizookota. Mwaka uliofuata meli yao ya magendo ilipochomwa kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, walizamia kuopoa risasi, wakazifungua moja moja na kuanika baruti. Watu hawafanyi hivyo kama wanaridhika na walichonacho.

Sasa swali lako la mwisho. Inaweza kupiga? Huenda ikaweza, na ndiyo sababu nakuambia usijaribu. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki kama unga wa ugali. Baada ya miaka mia bado inaweza kuwaka. Kinachozeeka ni ganda. Kutu ya kijani imekula shaba, na shaba iliyoliwa haivimbi na kunywea, hupasuka. Ikipasuka, ule moshi wenye moto unarudi njia ambayo Dreyse aliijua vizuri, na mbele yake kuna ubavu mmoja wa chuma wa mwaka 1877 na jicho la mdogo wako. Ndani ya mtutu nako, masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma kimyakimya. Nje panaweza kung'aa huku ndani pameoza.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji mtu kufyatua. Kama komeo limefungwa na pini haijakokiwa, ncha yake inaweza kuwa imeegemea fataki ya risasi iliyomo. Pigo la nyundo kwa nyuma, au kuiangusha chini, linatosha. Kama imekokiwa, kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma chenye kutu. Na ukilazimisha mpini upande, kumbuka nilichokuambia: kufungua ni kukoki. Hakuna hali ya bunduki hiyo ambayo ni salama mikononi mwa asiyeijua. Fundi wa kuchomelea hapo senta, hata awe hodari wa magobore namna gani, hafai hata kidogo. Joto lake na risasi ya ndani havikai pamoja.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ilazeni ilipo, mdomo uelekee ukuta wa nje ambako watu hawapiti, watoto wasiingie chumba hicho. Zile risasi tatu msizisugue, msizifungue, msizianike juani. Ziacheni kwenye kisanduku cha mbao pakavu. Msiipige msasa, maana msasa hufuta maandishi, na maandishi ndiyo mali. Kisha nendeni kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi *bila* bunduki, mweleze mlichokuta na mlikikuta wapi, muombe waje wenyewe. Msiipakie kwenye basi ndani ya gunia. Hapo mtakuwa mnaeleza jambo lingine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na umri wa bunduki si kibali cha kukaa nayo. Aliyetoa taarifa mapema huwa na maneno machache ya kujieleza.

Najua kinachowauma: ikienda polisi, imekwenda. Inawezekana, sitawadanganya. Lakini mnaweza kuomba kwa maandishi, siku hiyohiyo, kwamba baada ya kukaguliwa ifikiriwe kupelekwa makumbusho, na jina la babu liandikwe kama ilikotoka. Iringa kuna makumbusho ya Boma na ya Kalenga, na Makumbusho ya Taifa iko Dar es Salaam. Ikiwa darini itawapa kesi au ajali. Ikiwa kwenye kabati la kioo yenye karatasi ya jina la babu, wajukuu watakwenda kuiona. Hata hivyo uamuzi ni wa ukoo, kaeni kikao. Chaguo ambalo silitambui ni la kuibakiza kimya.

Polisi watakapokuwa wameifungua na kuhakikisha ni tupu, waombe ruhusa upige picha tatu. Ya kwanza ni namba zilizo kwenye mwili wa bunduki na kwenye komeo, tuone kama zinalingana. Ya pili ni lile bawa la usalama. Ya tatu ni bamba la chuma la kitako: jeshi la Ujerumani lilikuwa na desturi ya kugonga hapo herufi na namba za kikosi, ndogo sana, mara nyingi zimejaa uchafu. Uchafu huo msiutoe kwa kisu. Kitambaa kikavu kinatosha, na mwanga wa tochi uliolala ubavu.